Kwa Pikipiki kutoka Kona ya Musa mpaka Shimoni

Watu wengi waendao Shimoni hupanda gari. Mimi, mwezi wa Julai uliopita, naliazimu kwenda kwa pikipiki yangu nikalale hemani siku mbili karibu na bahari. Mwendo ni wa kilomita 50 hivi, na kwa ajili hiyo nalidhani kufunga mizigo si jambo la kumtaka mtu shauri.

Nalifungasha Kona ya Musa, hapo Ukunda, kando ya barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Naliweka sanduku la bati juu ya keria, jerikeni la maji la lita 20 nyuma yake, na hema juu kabisa. Kwa macho ilipendeza, mfano wa jahazi lililopakia. Lakini nilipokwenda hatua chache tu, gurudumu la mbele likawa jepesi na usukani ukanicheza mikononi, na nyuma yangu lori laja! Naliyumba mpaka mchangani nikasimama, moyo wanidunda.

Fundi mmoja wa pikipiki, mtu mzima, alikuwa akinitazama tangu mwanzo. Akasema, "Mwalimu, maji hayo ni kilo 20, nawe umeyatundika nyuma ya gurudumu. Ndiyo yanayoinua mbele. Kusi likikupiga huko Gazi utashuka bila kupenda."

Tukafungua vyote. Akaniletea magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, yakaning'inia huku na huku kama shogi la punda. Vyombo vizito vikatiwa chini, karibu na kiti, uzito sawa pande zote mbili. Maji yakapunguzwa hadi lita 5, maana Msambweni yanauzwa. Karibu na bomba la moshi alikataza kitu chochote cha nailoni. Hema likalazwa juu ya keria likabanwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kwa kuwa kamba hulegea kwa mtikisiko, lakini mpira huvuta daima. Kisha akaongeza upepo katika tairi la nyuma. Sanduku alilikataa katakata, nami nikaliacha kwake kwa uchungu.

Kweli kusi lilinikuta Gazi, likivuma kutoka baharini, kushoto kwangu, pikipiki ikatii. Nikapita Msambweni na Ramisi, nikakata kushoto, na alasiri nikapiga hema Shimoni kwa idhini ya wenyeji, Kisiwa cha Wasini mbele yangu. Sikukosa kitu ila sukari, iliyobaki sandukuni.

Siku ya tatu niliporejea, nalilikuta sanduku langu mlangoni pa fundi, limekwisha kuwa kiti cha wateja.