Kinanda Kipya au Vidole Vipya?

 

Wanakwaya wetu hapa Bariadi wameleta ombi: kinanda cha zamani kibadilishwe, tununue Yamaha PSR-SX920, toleo la mwaka 2024. Hawaombi anasa. Kinanda tulicho nacho kina vibonye vitatu visivyolia.

Hata hivyo tulijiuliza, kwa maana sadaka hii ni jasho la wakulima wa pamba. Kinanda kipya kina mamia ya midundo: mkono wa kushoto ukigusa sauti chache, chombo chenyewe hujazia ngoma na besi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu vyombo mbalimbali mradi vifae kwa ibada na kuwajenga waamini. Mdundo wa mashine hauwasubiri waimbaji. Waimbaji ndio huukimbilia.

Tena tunaye mpiga kinanda mmoja tu. Alipougua Dominika iliyopita, tuliimba kwa sauti na manyanga, na hata wazee wa viti vya nyuma wakaitikia.

Basi tumeamua: vibonye vitengenezwe, na fedha zitakazobaki ziwafundishe vijana wanne kusoma nota na kupiga kinanda. Wakishaiva, ombi la wanakwaya tutalipokea upya, wala hatutasita.

Chombo hununuliwa kwa siku moja. Mpigaji hulelewa kwa miaka. Wapendwa, tuwaombee vijana hawa, nasi tusiache kuimba.