Viti Viwili, Mtu Mmoja

Ukichaguliwa vyuo viwili, watu wanakupongeza mara mbili. Wachache wanakumbuka kwamba huna miili miwili, na kwamba kiti kimoja kinakaa kitupu kwa jina lako wakati kuna mtu mahali fulani anakihitaji.

Mwaka 2009 nilikuwa na viti viwili. Siku zile kila chuo kilipokea maombi yake na kutoa majina yake. Jina langu likatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likatoka tena Chuo Kikuu cha Dodoma.

Vyote viko kilimani, ila havikuwa rika moja. Cha Dar kilianza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Huko ndiko alikofundisha Walter Rodney, na ndiko ilikotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo niliitumia shuleni mpaka jalada likang'oka. Cha Dodoma kilianza mwaka 2007, kikapewa majengo ya Chimwaga, ambako CCM ilikuwa ikifanyia mikutano yake. Kilikuwa bado hakijahitimisha hata kundi lake la kwanza la shahada ya miaka mitatu. Mimi nilitaka kuandika. Kwa mtu wa namna hiyo, jibu lilionekana wazi: panda basi, nenda Dar.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi sokoni Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nilipomweleza alisikiliza huku akishona mdomo wa gunia, kisha akasema:

"Mwanangu, mtu akitia alama magunia mia na hela anayo ya hamsini, anaumiza watu wawili. Mkulima hauzi, na mnunuzi mwingine anarudi na lori tupu. Sasa wewe unachukua lipi?"

Nikamwambia nawaza habari ya kumwacha peke yake. Akacheka. "Usinitazame mimi. Mimi si kamba."

Nilichagua Dodoma. Nisijifanye niliona mbali. Sababu ya kwanza ilikuwa nauli: kutoka Dodoma ningeweza kufika nyumbani Jumamosi na kurudi Jumapili, hasa msimu wa mavuno, kazi zinapozidi mikono. Mama hakuwa kamba, sawa, lakini nami sikuwa kishada.

Sababu ya pili ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyokua. Dar nilikuwa naifahamu kwa kuisoma. Riwaya nilizopata shuleni zilinipitisha mitaa yake kabla sijaikanyaga. Kwetu huku uwandani tulikuwa tunatajwa gazetini wakati wa njaa au wakati wa Bunge. Kati ya njaa na Bunge tuliishi, tukaoana, tukagombana, na hakuna aliyeandika.

Basi nikaandika barua Dar kusema sitakuja, nikaipeleka posta mwenyewe. Aya tatu tu, lakini mkono ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia.

Gharama yake naijua. Kazi inaponipeleka Mlimani huwa naingia maktaba, nikitazama rafu ambazo wenzangu walizimaliza wakiwa na miaka 21, nahisi wivu. Yaani wivu kabisa. Faida yake naijua pia. Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, wahariri walitafuta mtu wa kuwaeleza mji. Mimi nilikuwa nimeshautembea kwa miguu. Niliijua Mtumba ikiwa mashamba, kabla haijaitwa Mji wa Serikali. Vitu hivyo viwili, wivu na faida, havijawahi kufutana. Nimeacha kuvilazimisha.

Mwaka uliofuata ule wangu, 2010, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianza kupokea maombi kwa mfumo mmoja wa pamoja, na sababu mojawapo ilikuwa sisi wa viti viwili. Tangu mwaka 2017 waombaji wanaomba tena moja kwa moja vyuoni. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake.

Mpwa wangu ameipata namba hiyo mwaka huu. Kanipigia: "Mjomba, kipi kizuri?"

Sikumwambia. Kizuri ni swali la matangazo. Nilimwomba achukue karatasi, aandike kwa kila chuo kitu kimoja atakachokikosa asipokwenda. Kisha ajiulize ni ukosefu upi anaweza kutembea nao miaka kumi bila kumlaumu mtu, si mimi, si mama yake, si nauli. Chuo chenye ukosefu huo ndicho cha kuachia.

Alikaa kimya kidogo, akauliza kama anaweza kungoja mpaka siku ya mwisho.

"Ruhusa unayo," nikamwambia. "Ila ukishajua, usingoje. Kuna mwenzio amesimama."