Fundi, Niachie Akiba!

Leo tuongee habari za pamba, ila msidhani nawaletea fasheni mpya iliyoingia mjini. Nataka kuwasimulia gauni moja tu.

Nilipomaliza fomu foo mwaka 2019 nilikuwa mtu wa kwenda na wakati ile mbaya. Kila Jumamosi alfajiri nipo Karume, Ilala, nagombea mitumba mabelo yakifunguliwa. Shoga yangu akivaa jinzi ya kubana, na mimi nabana. Zikiingia za kupwaya, na mimi nimo. Kabati halifungi, lakini ikitokea shughuli, eti sina nguo! Soko lile lilipoungua Januari 2022 nililia kama niliyefiwa. Sikujua kufiwa kwenyewe kukoje.

Mama alikuwa ananiangalia tu. Siku moja akanipa kitenge chake kipya, cha bluu iliyokoza na maua madogo meupe, akasema nikashone gauni. Kusema kweli nilinuna. Nikakipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee wa makamo.

"Mzee, libane hasa!"

Akacheka. "Kwanza kakiloweke, kisije kikasinyaa baada ya kushonwa. Halafu nitalibana mwanangu, ila ndani ya mshono nakuachia akiba. Leo siyo kesho."

Nikalivaa mara mbili, nikalisukumia chini kabisa kabatini.

Basi bwana, mwaka ule ule Mama akatutoka. Mwaka uliofuata nikajifungua. Jamani, nani aliwadanganya kwamba mwili unarudi kama mpira? Kila nguo niliyojaribu iliishia mapajani. Nikakaa kitandani, mtoto analia na mimi nalia. Si nguo iliyoniliza. Nilikuwa najiuliza, yule msichana wa Karume kaenda wapi, na huyu aliyebaki ni nani? Wa kumuuliza ndiyo hivyo tena, hayupo.

Katika kupekua nikalikuta lile gauni. Nikambeba mtoto mgongoni, mguu na njia mpaka kwa fundi. Mzee akaligeuza ndani nje, akanionyesha ile akiba. Akafumua mishono, akaongeza inchi mbili kila upande, akapasua mbele na kuweka vifungo ili ninyonyeshe bila taabu. Nilipolivaa nikajitazama kwenye kioo chake kilichopasuka. Nilikuwa mimi, siyo yule wa zamani, lakini mimi.

Ukilitazama kwa karibu utaona vitundu vya sindano pale ulipopita mshono wa kwanza. Fundi alitaka kuvificha kwa utepe, nikakataa.

Siku hizi nina nguo chache: hilo gauni, sketi nyeusi, mashati mawili meupe na jinzi moja isiyobana wala kupwaya. Nyingine niligawa. Mitumba bado nanunua, tena sana, ila kabla sijatoa pesa naigeuza nguo nitazame mshono. Kama haina akiba, hata ingekuwa kali vipi, naiacha hapo hapo.

Maana nitanenepa, nitakonda, nitapata kazi, nitazeeka. Nguo isiyoweza kubadilika na mimi ya nini?

Na wewe msomaji, ukienda kwa fundi wiki hii usione haya, mwambie: niachie akiba!