Namba ya Kitandani

"Mdogo wangu, wewe umesomea umeme. Niambie ukweli. Ni ile transfoma?"

Mtoto wa dada ana miaka mitano na saratani ya damu. Mtaani kwao Morogoro watu walishahukumu: transfoma iliyo kwenye nguzo, hatua chache kutoka dirishani. Na chumba kile dada alikichagua mwenyewe, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu.

Hofu yake haikuanzia kwa majirani. Mwaka 1979, Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wa Denver, Marekani, uliohusisha nyaya za umeme zilizo karibu na nyumba na saratani za watoto. Mwaka 2002 IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, ikauweka uga sumaku wa umeme huo katika kundi la 2B: huenda unasababisha saratani. Tafiti zilipojumlishwa, leukemia ilionekana karibu mara mbili zaidi kwa watoto wachache wanaoishi kwenye wastani unaozidi maikrotesla 0.3 hadi 0.4. Lakini mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilisema ushahidi huo hautoshi kuthibitisha kuwa uga ndio chanzo.

Niliazima kipimo chuoni. Ukuta hauzuii uga sumaku. Umbali ndio unaoupunguza. Nyuma ya friji kilisoma 1.4. Nikarudi hatua mbili, namba ikaporomoka. Juu ya mto wa mtoto, upande wa transfoma: 0.07.

Dada aliitazama ile namba kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ni nini?"

Kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu, hakuna daktari anayeweza kutaja chanzo. Nilimwambia hivyo. Transfoma mtu anaweza kuihama, hata kwa kukopa. Jibu langu halikumwachia pa kuhamia.

"Basi pima tena usiku," akasema. "Watu wakiwasha taa na televisheni."

Alikuwa sahihi: uga hufuata mkondo, na mkondo hupanda jioni. Nikabaki. Saa mbili usiku, mtoto akiwa amelala, nilikiweka kipimo karibu na kichwa chake. 0.11.

Dada akachukua kalamu, akaiandika namba ile nyuma ya kadi ya kliniki, chini ya tarehe ya dawa inayofuata.

"Angalau," akasema, "si chumba changu."