Jua la Kasapa na miguu ya mtoto

Wasikilizaji wetu wa Kasapa, na ninyi ndugu mliokimbia vita mkapata pa kulala huku, habari hii ni ya mtoto wa mwaka mmoja na miezi nane aliyekuwa hajatembea.

Mama yake alitoka upande wa Mitwaba. Walipanga chumba kimoja chenye dirisha dogo, katika lupangu lisilo mbali na chuo kikuu. Tangu wafike, mtoto alikaa ndani. Mama alikuwa na sababu: milio ya bunduki ilikuwa bado kichwani mwake, na baridi ya mwezi wa sita hapa Lubumbashi haina mchezo. Alimfunga vikwembe toka kichwani mpaka vidoleni, akamwachia kambo, naye akaenda kufulia watu nguo.

Majirani walisema amelogwa. Kambo ndiye aliyekata shauri: "Miguu inapinda, mama. Tumupeleke kwa munganga."

Muuguzi alimshika mikono, akakuta vifundo vimenenepa. Akauliza mambo mawili tu: anaota jua? Anakula nini? Bukari, mama akajibu, na siku nyingine bukari na chumvi.

Hayo mawili yanakwenda pamoja. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, nayo huusaidia utumbo kuchukua kalsiamu ya kujenga mifupa. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi juani kuliko nyeupe, na maziwa ya mama yana vitamini hiyo kidogo sana. Lakini jua peke yake halitoshi. Huko Jos, Nigeria, ambako jua lipo tele, utafiti uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu, yenyewe au pamoja na vitamini D, kuliko waliopewa vitamini D tu. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu haba. Kwa hiyo anayewaambia akina mama "muanikeni tu mtoto" amesema nusu ya maneno.

Mtoto alipewa dawa za vyote viwili. Kambo naye akaanza kununua ndagala, kipimo kidogo pesa ikipatikana, anazitwanga na mifupa yake na kuzikoroga ndani ya uji. Saa tatu, jua likishapanda, anaketi naye kwenye mkeka mbele ya mlango, mikono na miguu wazi, kwa muda mfupi. (Mtoto mwenye ualbino asifanyiwe hivyo: ngozi yake inaungua. Huyo apelekwe kwa munganga.)

Wiki za kwanza mama alikuwa akirudi kazini anachungulia kwanza barabarani, ndipo anatazama mkekani. Miguu haijanyooka bado. Juzi mtoto alishika ukuta, akasimama, akapiga hatua tatu kuelekea beseni la nguo, akaangukia humo.