Safari ya Amu na Chakula cha Watoto Nyakati za Shughuli

Mfungo sita uliopita Mwenyezi Mungu alinijaalia kwenda Amu kwa siku za Maulidi. Tulikuwa watu wanne: mimi, mke wangu, binti yetu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, na mwanawe wa kiume wa miezi 20. Sina nia ya kuingia katika maneno ya wanavyuoni juu ya Maulidi. Hayo yana mahali pake, na wenye ilimu kunishinda wamekwisha kuyaandika. Makusudi yangu ni kuwaeleza wasomaji, na khasa mama wenye watoto wadogo, jambo nililoliona jikoni, mahali ambapo mwanamume wa umri wangu hatazamiwi kuona kitu.

Basi hutoka Mombasa mapema, likapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Hapo mtu hushuka akapanda mashua ya mashine, na muda si muda huuona mji wa Amu umejipanga ukingoni mwa maji. Ni mji wa njia nyembamba, na punda ndio wachukuzi wake. Mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Amu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini wenyewe Waamu hawakungoja kuambiwa na mtu kuwa mji wao una thamani. Njia nzima mjukuu wangu alikula biskuti na kunywa chai ya chupa, nasi tukaona tumemlisha.

Asiyepata kufika Amu wiki hiyo hawezi kukisia wingi wa watu. Hujazana Riyadha, msikiti ulioasisiwa na Habib Swaleh, na kwenye ziara ya kaburi lake. Mchana kuna mashindano ya punda na ya mashua, na vijana hucheza kirumbizi kwa fimbo. Hakuna nyumba isiyo na mgeni. Tuliyofikia sisi ilikuwa ya mama yangu mdogo, ndugu yake marehemu mama yangu, naye alikuwa na wageni zaidi ya ishirini. Wanawake walishika mwiko tangu asubuhi. Chakula cha wanaume kilitoka baada ya sala ya Isha, sinia kwa sinia, kisha wakala wanawake, na mwisho ndipo mtu alipokumbuka watoto wadogo.

Wakati huo mjukuu wangu alikuwa amekwisha lala zamani. Saa nane za usiku aliamka akilia. Mamake akampa chai ya maziwa na hamri lililolala, akala nusu, akalia tena. Mimi nalikuwa macho nyuma ya pazia, na sababu ya kukosa usingizi si kilio peke yake.

Ndugu msomaji, sina budi nikwambie kweli. Kabla ya safari ile, kadi ya mtoto kliniki ilikuwa haijapanda kwa miezi miwili. Muuguzi alimwuliza binti yangu mtoto anakula nini usiku, naye akajibu kuwa anakula tunachokula sisi. Hakusema uwongo, ila hakuulizwa saa. Nyumbani kwangu kuna kanuni niliyoiweka mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita: hali mtu mpaka nirudi msikitini, nami baada ya Isha husomesha darsa. Naliiweka kwa ajili ya adabu, wanangu wakiwa wakubwa wa kuweza kungoja. Alipozaliwa mjukuu, kanuni ikabaki vile vile, na binti yangu kwa heshima hakunena neno.

Siku ya pili, yapata saa kumi na moja alasiri, nalimpandishia mama yangu mdogo nazi jikoni. Jiko la nyumba ile liko juu kabisa, ili moshi upate njia. Nikamkuta amempakata mjukuu wangu, na watoto wengine watano wa makamo yake wamemzunguka.

Akaniambia, "Maalim, mtoto hangoji Isha. Tazama ngumi yake, na tumbo lake ni hilo hilo. Halichukui kingi, basi huisha upesi."

Nikamwuliza, "Mama, na kazi hii yote uliyo nayo, utawapikia saa ngapi?"

Akacheka. "Nani aliyekwambia nawapikia?"

Nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi nikatazama. Wali wa wageni ulikuwa ukitokota, haujakauka. Akateka kwa upawa mara tatu, akautia katika sufuria ndogo, akaongeza tui zito, akauweka pembeni mwa makaa. Ukawa mashendea, laini wa kumezeka. Katika chungu cha mchuzi wa nguru, kabla hakijatiwa pilipili wala ndimu, akatoa vipande viwili, akavichambua kwa vidole mara mbili. Mara ya kwanza kutoa miiba, mara ya pili kwa kutojiamini. Akachanganya na wali, na chumvi kidogo. Muda wote huo haukupita muda wa mtu kwenda kutawadha na kurudi. Tasi, akanionya, hampi mtoto mdogo hata kama ni mtamu namna gani, kwa wingi wa miiba yake.

Watoto walikaa juu ya mkeka na sinia yao ndogo, kila mmoja upande wake, wakasema Bismillahi kwa ndimi zisizokwisha kunyooka. Nikamkumbuka Umar bin Abi Salama, ambaye Mtume (S.A.W.) alimfundisha adabu ya kula naye angali mtoto. Adabu ile alifundishwa chakula kikiwa mbele yake. Mimi nalitaka kumfundisha mtoto adabu kwa sinia tupu. Ilipoadhiniwa Magharibi, walikuwa wameshiba, wamenawa, nao wako ndani.

Siku zilizofuata nikawa natafuta sababu ya kupanda jikoni. Siku moja yalikuwa mabaki ya mbaazi za asubuhi, yamepondwa pamoja na kiazi cha kuchemsha. Siku nyingine ndizi mbivu zilipikwa kwa tui, na kando yake yai lililovurugwa katika siagi kidogo. Ilipopikwa nyama, alirowesha mkate wa mofa katika mchuzi usio pilipili, akachambua nyama nyuzi nyuzi. Siku ya bokoboko hakukuwa na kazi kabisa, maana chakula hicho chenyewe kimekwisha pondwa. Mimi nalikula sehemu ya mtoto mmoja aliyelala, na kosa hilo nalikiri hapa.

Chai aliikataza wakati wa chakula. Yeye husema kuwa chai humdanganya mtoto akadhani ameshiba, na neno lake ni kweli. Tena waganga wametueleza kuwa chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Njugu nzima hakuzitoa kamwe kwa watoto wale, kwa kuwa humpalia mtoto, huzitwanga kinuni. Asali hampi mtoto asiyetimiza mwaka. Na wali uliolala nje usiku kucha katika joto la pwani huwapa kuku.

Usiku wa tatu mjukuu wangu alilala mpaka Alfajiri. Mamake alikwenda kusikiliza Maulidi pamoja na wenzake, jambo ambalo siku mbili za kwanza hakuliweza.

Tulipokuwa mashuani kurudi Mokowe, binti yangu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, na nyumbani itakuwaje?"

Nikamwambia, "Msiningoje."

Akaangalia maji, kisha akaniambia kuwa maneno hayo alikuwa akiyatamani tangu mtoto alipoanza kula. Sikuwa na jawabu.

Yeye hutoka shuleni saa kumi na nusu, na madaftari ya kusahihisha mkobani. Nyumba yetu haina sufuria za wageni ishirini za kuteka. Kwa hiyo Jumapili huchemsha mbaazi au maharagwe, akayagawa katika vibakuli na kuyatia katika barafu ya friji, na kila jioni hupasha kimoja mpaka kitokote. Yai halikosekani, na parachichi wakati wake. Kazi yangu ni kukuna nazi kabla ya kwenda chuoni alasiri. Vijana wa chuo wameniona nikiwa na machicha kwenye kanzu, wakacheka.

Mwezi uliofuata alama ya kadi ilipanda, si sana. Nikirudi baada ya darsa hukuta sinia ndogo imeoshwa na kuinamishwa, na sahani yangu imefunikwa kawa. Usiku mwingine mke wangu huningoja, na usiku mwingine nala peke yangu.