Kubisha Hodi na Kusubiri



Wapendwa taifa la Mungu, mara nyingi ninyi mlio huko nyumbani mnatuuliza utume wetu huku Kanada unaendeleaje, nasi huwajibu kwa habari za baridi na theluji. Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotugusa kuliko theluji zote: siku tuliyogundua kwamba mtu aweza kuingia mahali na mafuta matakatifu mkononi, akawa tishio.

Ilikuwa mwaka 2023, nasi tulikuwa na miezi michache tu katika jimbo la Alberta. Tuliitwa hospitalini kumpaka mafuta bibi mmoja wa kabila la Wakri, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Tuliingia tukiwa na ukosi mweupe shingoni na stola begani. Bibi hakututazama usoni, alitazama shingo. Kisha akageukia ukutani, akajifunika blanketi hadi kichwani, akaanza kutetemeka. Tukadhani ni homa, tukafungua kitabu tuanze sala. Mjukuu wake wa kike akatushika mkono taratibu, akatutoa nje. Akasema, “Padre, bibi alisoma shule ya bweni.” Hakuongeza neno. Tulibaki ukumbini tumeshika kichupa cha mafuta, bila kujua tukiweke wapi.

Tuungame ukweli: tuliumia, kisha tukakasirika. Moyoni tulisema, “Sisi ni Waafrika. Babu zetu nao walitawaliwa. Tuna kosa gani?”

Habari yenyewe tuliijua kama mtu ajuavyo somo la mtihani. Tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis walipelekwa katika shule za bweni zilizoanzishwa kwa sera ya serikali ya Kanada na kuendeshwa na makanisa, sehemu kubwa na Kanisa letu Katoliki. Walinyolewa nywele, wakakatazwa lugha za mama zao, wengi wakapigwa na kunajisiwa, na maelfu hawakurudi nyumbani. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho ilitoa Miito 94 ya Utekelezaji. Tarehe 25 Julai 2022 hayati Papa Fransisko alifika Maskwacis, katika nchi ya Wakri, akaomba msamaha. Nasi, tuliofika mwishoni mwa mwaka huo, tulidhani jambo limekwisha. Papa ameomba radhi, nini tena?

Mzee mmoja wa parokia alitushauri tukajifunze kwa wenye habari. Akatuelekeza kwa mzee wa Kikri ambaye wote humwita Mosom, yaani babu. Akatuonya tusiende mikono mitupu: anayeomba mafundisho hutanguliza tumbaku, na mzee akiipokea ndipo amekubali kufundisha. Jambo hilo halikutupa shida kulielewa. Hata kwetu nani huenda kwa wazee kuomba neno bila chochote mkononi?

Mosom aliipokea, akatuketisha katika duara pamoja na wauguzi na walimu waliokuja kujifunza kama sisi. Sakafuni yalitandazwa mablanketi, mfano wa nchi kabla ya wageni kufika, nasi tukasimama juu yake. Kadiri historia ilivyosomwa, mablanketi yalikunjwa moja baada ya jingine, na watu wakatolewa: hawa kwa ndui, hawa kwa njaa, hawa watoto wamepelekwa shule. Mwishowe tulibaki wachache, tumebanana juu ya vipande vidogo.

Kisha kila mmoja alipewa nafasi ya kusema. Zamu yetu ilipofika tulisema kwa haraka kwamba nasi tulitawaliwa, nasi tunayajua maumivu hayo, lakini tumesamehe na kusonga mbele. Kukawa kimya. Mosom akasema kwa upole, “Mwanangu, umeleta kidonda chako ili usitazame chetu. Siku nyingine utatusimulia hicho chako, nasi tutasikiliza. Lakini kwa bibi yule hukuingia na kidonda. Uliingia na ukosi.”

Wauguzi wale walitueleza kwamba fundisho hilo lina jina katika kazi yao: usalama wa kiutamaduni. Lilizaliwa New Zealand, kwa muuguzi wa Kimaori aitwaye Irihapeti Ramsden. Mwaka 1988, katika mkutano wa wanafunzi wauguzi wa Kimaori, binti wa mwaka wa kwanza aliuliza kwa nini wanafundishwa usalama wa kisheria na wa kimaadili, lakini usalama wa utamaduni wa mgonjwa haufundishwi. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lililiingiza jambo hilo katika masomo ya wauguzi.

Hapo awali tulidhani maana yake ni kujua mila za watu: ngoma yao, chakula chao, salamu zao. Kumbe sivyo. Kwanza ni mhudumu kujichunguza mwenyewe: ana nguvu gani, amevaa nini, anawakumbusha nani. Pili, na hapa ndipo ulipo uzito wote, anayetamka kwamba huduma ni salama si mhudumu, ni mhudumiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala si suala la adabu tu. Tarehe 28 Septemba 2020, Joyce Echaquan, mama wa jamii ya Atikamekw mwenye umri wa miaka 37 na watoto saba, alifariki katika hospitali ya Joliette, Quebec, baada ya kurekodi kwa simu matusi aliyotupiwa na wahudumu akiwa kitandani. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulitamka mwaka 2021 kwamba ubaguzi ulichangia kumuua.

Usiku ule hatukulala. Tulikumbuka seminari ndogo tuliyosoma. Palikuwa na kibao cha mbao. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni mpaka jioni. Siku zote tulijisimulia kama waliovishwa. Usiku ule tulikumbuka kwamba tulikuwa kiranja. Sisi ndio tuliowavisha wadogo zetu kibao kile, wakilia, nasi tukiamini kwa dhati kwamba tunawasaidia. Nia yetu ilikuwa njema. Hata masista na mapadre wengi wa shule zile, bila shaka, walilala usiku wakiamini vivyo hivyo.

Bibi yule aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kupitia mjukuu wake tuliuliza kama angependa tumtembelee. Jibu lilikuja baada ya majuma mengi: tuje bila ukosi, bila mafuta, tukae karibu na mlango. Tukakaa karibu na mlango. Safari ya tatu alituuliza mama yetu alitubembeleza kwa lugha gani. Tukamwimbia. Akacheka, akasema la kwake alilisahau akiwa na miaka saba.

Alifariki majira ya baridi ya mwaka 2024, katika moshi wa majani yao matakatifu na sala za watu wake. Mafuta hakuyaomba kamwe. Msibani sisi tulipanga viti.

Je, tulishindwa utume? Tumejiuliza mara nyingi mbele ya Ekaristi. Sakramenti haitolewi kwa nguvu, na neema haivunji mlango. Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya macho ya wote, lakini Bwana hakumponya kabla ya kumwuliza anataka afanyiwe nini. Mwenye uwezo wote aliuliza. Sisi wenye kichupa cha mafuta tulikuwa tumefungua kitabu tayari.

Wapendwa, wahenga wetu walitufundisha kubisha hodi. Mwenye kusema hodi ni mgeni. Mwenye kusema karibu ni mwenyeji, na asipoitika, mgeni muungwana huondoka bila kinyongo. Juma hili kila mmoja amtazame yule aliye chini ya mamlaka yake: mgonjwa, mwanafunzi, msichana wa kazi, Mkristo anayekuja ofisini kwa padre akitetemeka. Tusimwambie kwamba kwetu yuko salama. Tumwulize, kisha tusubiri jibu, hata likichelewa, hata likiwa hapana.

Mtuombee, nasi tunawaombea. Mwenyezi Mungu awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.